Jina na mjenzi: mfano wa Namoratunga

Kwetu Kanyaruchinya, watu wakigombania shamba, jina la kilima hutolewa kama hati. Je, isimu inakubali?

Karibu na Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, zimesimama nguzo za mawe za wafugaji wa kwanza wa huko, wa yapata miaka 5000 iliyopita. Katika kaburi la aina hiyohiyo, Lothagam, walizikwa watu wasiopungua 580.

Waturkana huziita Namoratunga: wacheza ngoma waliogeuka mawe. Jina liko wazi: moru ni jiwe, ngitunga ni watu. Ila Waturkana walifika karne chache tu zilizopita. Waliziita walivyoziona, lugha ya waliozisimika haimo ndani ya jina hilo.