Panga Kwanza, Ndipo Utafute ya Kati

Jumamosi huwa namfundisha hesabu binti wa dada mmoja mfanyabiashara hapa Xiaobei. Yuko kidato cha kwanza. Juzi tulifika kwenye mediani, nikampa kodi za vyumba za watu saba, kwa yuan kwa mwezi:

1,200, 1,500, 900, 6,600, 1,300, 1,100, 1,400.

Akaonyesha ya nne: "Anko, ni 6,600." Nikamwambia hapana mama, panga kwanza, anza na ndogo:

900, 1,100, 1,200, 1,300, 1,400, 1,500, 6,600.

Sasa ya nne ni 1,300. Watatu wako chini yake, watatu juu. Wachina wanaiita zhongweishu, yaani namba ya nafasi ya kati. Huyo wa 6,600 akihama wanabaki sita. Hapo chukua mbili za katikati, 1,200 na 1,300, jumlisha, gawa kwa mbili: 1,250.

Akauliza, "Kwani wastani hautoshi?" Tukapiga: jumla 14,000, gawa kwa saba, 2,000. Lakini watu sita kati ya saba hawafikishi hata 1,600!

Nikanyamaza kidogo. Mimi nilipokuwa nakuja niliambiwa "wastani ni 2,000", mama akauza ng'ombe kujazia. Chumba nikapata kwa 1,300.

Jamani, mgeni akikuuliza kodi, panga kwanza ndipo umjibu. Tuko pamoja.