Insulini Ifike Inakohitajika: Utunzaji wa Ngozi kwa Watumiaji wa Sindano na Pampu

Chukulia mwanafunzi wa sekondari anayeishi Suji, katika Milima ya Upare, mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kila asubuhi anavuta yuniti zilezile alizoandikiwa, anachoma tumboni, kisha anakula. Siku moja sukari yake inapanda sana. Siku ya pili, kwa dozi ileile na sahani ileile ya makande, inashuka hadi anatetemeka. Nyumbani wanaanza kumshuku kwamba anakula vitu vitamu kwa siri. Lakini muuguzi anapolipapasa tumbo lake, anakuta uvimbe laini kando ya kitovu, mahali ambapo kijana amezoea kuchoma kwa kuwa hapaumi tena. Kosa haliko kwenye chakula wala kwenye dozi. Liko kwenye ngozi.

Wapare wanafahamu vyema kwamba ndiva inaweza kujaa maji usiku kucha, na bado shamba likakauka kwa sababu mfereji umeziba. Insulini nayo ina mfereji wake, yaani tabaka la mafuta lililo chini ya ngozi. Dawa hupita hapo kabla ya kuingia katika damu. Njia hiyo ikiharibika, kipimo sahihi hakitoshi.

Kinachotokea chini ya ngozi

Insulini ni homoni inayochochea ukuaji wa seli za mafuta. Ikichomwa mahali pamoja mara kwa mara, mafuta ya mahali hapo huongezeka na kuwa uvimbe. Kutumia sindano moja mara nyingi huongeza tatizo, kwa kuwa ncha hupoteza ukali na kuijeruhi ngozi. Uvimbe huo hauna maumivu makali, na ndiyo maana mgonjwa huupenda. Hata hivyo, insulini iliyochomwa ndani yake huingia katika damu polepole na bila mpangilio. Leo kidogo, kesho nyingi.

Uvimbe hutambulika kwa kuona na kwa kugusa. Mgonjwa asimame penye mwanga, aangalie tumbo na mapaja, kisha apapase taratibu kwa ncha za vidole. Sehemu iliyo ngumu zaidi, nene zaidi, au inayoteleza kama mpira isichomwe mpaka irudi katika hali ya kawaida, jambo linaloweza kuchukua miezi kadhaa.

Hapa pana tahadhari kubwa. Mgonjwa anapohamia kwenye ngozi yenye afya, dawa hufanya kazi kwa nguvu zaidi, na dozi aliyoizoea inaweza kuwa nyingi mno. Kwa hiyo azungumze kwanza na mtaalamu wa kliniki kuhusu kupunguza dozi, na apime sukari mara nyingi zaidi katika siku hizo. Akitokwa na jasho, akitetemeka au akichanganyikiwa, na bado anaweza kumeza, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Awahishwe kituo cha afya.

Kupanga mahali pa kuchoma

Mahali panapofaa ni tumbo, upande wa juu na wa nje wa mapaja, makalio, na upande wa nyuma wa mkono wa juu. Tumbo linaweza kugawanywa katika robo 4, kila robo ikatumika wiki moja. Ndani ya robo hiyo, kila sindano iwe mbali na iliyotangulia kwa upana wa kidole kimoja, na isikaribie kitovu kwa upana wa vidole viwili. Baada ya kusukuma dawa, mgonjwa ahesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa sindano, na asisugue mahali hapo.

Kazi ya misuli huharakisha dawa. Anayetaka kupanda mlima kwa miguu au kwenda kulima asichome pajani kabla ya safari hiyo.

Kwa wenye pampu

Watumiaji wa pampu ya insulini ni wachache nchini Tanzania, kwa kuwa mashine na vifaa vyake ni ghali. Pampu hupitisha dawa katika mrija mwembamba hadi kwenye kanula laini iliyo chini ya ngozi. Kanula hubadilishwa kila baada ya siku 2 hadi 3, na mpya huwekwa mbali na ile ya zamani kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Ngozi isafishwe na ikauke kabisa kabla ya kubandika, kwa maana jasho hulegeza gundi. Mapovu ya hewa yaondolewe kwa kujaza mrija dawa, na mrija usiwe umeunganishwa na mwili wakati wa kujaza. Ni vema kubadilisha asubuhi kuliko wakati wa kulala, ili hitilafu ionekane mapema.

Pampu hutumia insulini ya muda mfupi pekee. Kanula ikikunjika au mrija ukiziba, mwili hubaki bila akiba, na ndani ya saa chache asidi huanza kujaa katika damu. Sukari ikizidi 14 mmol/L na isishuke baada ya dozi ya kurekebisha kupitia pampu, mtumiaji achome dozi inayofuata kwa sindano kama alivyoelekezwa, kisha abadilishe mrija na kanula. Kwa hiyo mwenye pampu asitoke nyumbani bila sindano na kichupa cha akiba.

Joto la tambarare

Kichupa kisichofunguliwa huhifadhiwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Kilichofunguliwa, au kilichotolewa kwenye friji, kwa kawaida hutumika kwa takribani wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi 25 hadi 30, kwa kufuata maelezo ya aina husika. Insulini iliyoganda kwa barafu itupwe, hata kama imeyeyuka.

Pasipo friji, chungu husaidia. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji hujazwa katikati, na kichupa huwekwa ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko. Maji yanapokauka huondoka na joto. Njia hii hufaa zaidi kwenye hewa kavu ya mji wa Same na tambarare zake. Milimani wakati wa masika unyevu hupunguza nguvu yake, ingawa hewa yenyewe ni baridi. Chungu si friji. Siku za matumizi ziendelee kuhesabiwa. Safarini, kichupa kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Dalili zisizosubiri

Kiu kali, kukojoa sana, kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na kwa kina, au pumzi yenye harufu ya matunda ni dalili za asidi kujaa katika damu. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata kama hawezi kula. Kutoka vijiji vya milimani hadi hospitalini barabara ni ndefu, na Moshi iko takribani kilomita 100 kutoka Same. Safari ianze dalili zinapoonekana, isisubiri mapambazuko.

Sindano zilizotumika ziwekwe katika chupa ngumu yenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya, zisitupwe migombani. Na katika kila ziara ya kliniki, mgonjwa aombe tumbo na mapaja yake yapapaswe. Uchunguzi huo huchukua dakika chache, na unaweza kumwondolea kijana lawama asiyostahili.