Lasanya ya Sosi Nyeupe: Usiogope Siagi

1. Fuata Bologna. Huko kaskazini mwa Italia, lasanya yao ni tambi pana za kijani zilizokandwa kwa mayai na spinachi, mchuzi wa nyama ya kusaga uliotokota kwa saa kadhaa, sosi ya maziwa na jibini ya Parmigiano. Ukishuka Napoli utapewa ya ricotta na mozzarella, bila sosi nyeupe. Nayo tamu, ila leo si zamu yake.

2. Sosi ni mkono tu. Gramu 80 za siagi, 80 za unga wa ngano, lita 1 ya maziwa. Yeyusha siagi, kaanga unga dakika mbili tatu bila kuubadili rangi, kisha mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga. Ukiwa na pupa utapata madonge. Chuja, nani atajua? Kinachoifanya nzito ni wanga wa unga unaovimba kwenye moto, kwa hiyo krimu ya dukani haihitajiki kabisa. Epua ingali inatiririka, maana oveni itaikaza.

3. Kungumanga. Ikwaruze papo hapo, kidogo tu. Wazanzibari hawana kisingizio, inaota kwao.

4. Piga hesabu kabla ya kulaumu. Sufuria hiyo ya sosi ina kilokalori karibu 1,500. Ukigawia watu 8, kila mmoja anapata chini ya 200, pamoja na miligramu 150 hivi za kalisi, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Gramu 20 za Parmigiano huongeza zaidi ya miligramu 200 za kalisi. Jibini hiyo hukomazwa miezi 12 au zaidi, na laktosi yake karibu yote huisha, kwa hiyo wengi wanaosumbuliwa na maziwa huimudu. Sosi yao ipikwe kwa maziwa yasiyo na laktosi. Mimi namlaumu zaidi anayerundika jibini juu mpaka mafuta yanaelea.

5. Nyuzinyuzi ni chache. Weka saladi ya majani yenye siki pembeni. Ukitia uyoga au spinachi katikati, kamua maji kwanza.

6. Subiri dakika 15 kabla ya kukata. Ikitoka tu motoni humwagika sahanini. Ikipoa kidogo, tabaka hushikana. Kiporo kipashe kikiwa kimefunikwa, na kijiko cha maziwa juu.