SOMO: BOTI YA ALUMINI KATIKA MAJI YA CHUMVI NA MAJI MATAMU

Leo tunajifunza juu ya boti ndogo za alumini na mashine zake. Mtumbwi wa mbao tunaujua tangu enzi za babu zetu. Alumini ina matunzo yake.

Kwa nini tujifunze? Mashine ikizimika mlangoni mwa mto wakati maji yanakupwa, boti huvutwa baharini. Huenda ndani yupo mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Basi kutunza mashine ni kulinda roho za watu.

MAJI YETU YAKOJE?

Kule Utete maji ya Rufiji ni matamu. Ukivuka kutoka Nyamisati kwenda Mafia unapita maji ya chumvi. Katikati, kwenye mikoko, maji huchanganyika. Bahari ikijaa, hasa wakati wa bamvua, chumvi hupanda mtoni. Masika mto ukifurika, chumvi husukumwa nje. Na mto wenyewe huhama: mafuriko ya mwaka 1978 yalifanya maji mengi yapitie kaskazini mwa delta. Wakulima wa mpunga wanayajua haya vizuri, maana chumvi ikiingia shambani mpunga hufa. Kwa hiyo usikisie. Onja tone moja, kisha tema.

CHUMVI INAFANYA NINI?

Tazama sufuria ya nyumbani. Hiyo ni alumini. Ukiacha maji ya chumvi ndani yake siku nyingi, utaona vitundu na unga mweupe. Alumini ina ngozi nyembamba inayoikinga, na chumvi huitoboa ngozi hiyo. Boti ni hivyo hivyo, hasa kwenye maungio na chini ya tope lililolala ndani.

Mashine nayo hupozwa kwa maji inayoyavuta kutoka nje. Safari ikiisha, maji hukauka na chumvi hubaki kwenye vijia vya ndani. Kidogo kidogo vijia huziba, mashine inachemka, mwisho inakufa. Uharibifu mwingi unatokea chombo kikiwa kimepumzika bila kuoshwa.

MAJI MATAMU YANA TAABU GANI?

Hayali alumini upesi, lakini Rufiji ina mchanga na tope. Mchanga hukwangua mpira wa pampu ya maji. Angalia kimchirizi cha maji kinachotoka kwenye mashine. Kikikatika, zima mashine, uzibue tundu.

Tena, lita moja ya maji ya bahari ina uzito zaidi kwa gramu 25 hivi kuliko ya mtoni. Kwa hiyo bahari hubeba boti vizuri zaidi. Boti iliyojaa mzigo baharini itazama zaidi kidogo ikiingia mtoni. Jamani, tusipakie mpaka ukingoni!

TUFANYE NINI?

1. Ukitoka maji ya chumvi, tia mguu wa mashine kwenye pipa la maji matamu. Maji yafunike matundu ya kuvutia. Washa bila gia, taratibu, dakika 10. Usiwashe pakavu, pampu itaungua.

2. Kama kijijini maji ya kisima ni haba, endesha boti dakika 10 mahali mto ulipo mtamu.

3. Osha boti ndani na nje. Toa tope lote.

4. Boti ikilala majini, inua mguu wa mashine utoke nje ya maji.

5. Kagua kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mashine. Chumvi hula zinki kwanza, chuma kingine kinapona. Kikiliwa nusu, weka kipya. Usikipake rangi. Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwa maji yanayochanganyika, mwombe fundi kipande cha alumini.

6. Usipake boti ya alumini rangi yenye shaba, ingawa yafaa kwa mbao. Wala usiache waya au sarafu ya shaba ndani. Shaba na alumini zikikutana kwenye chumvi, alumini huliwa haraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji ya kwenu huwa ya chumvi miezi gani?

2. Kwa nini sufuria inatufundisha habari za boti?

3. Katika kikundi chenu, nani ataosha mashine kila safari? Andikeni jina lake daftarini, na zamu zake.