MCHE NA KITI: SOMO KUTOKA MAISHA YA WANGARI MAATHAI

(Kwa vikundi vya akina mama, akina baba na vijana. Someni kwanza Luka 18:1–8.)



Profesa Wangari Maathai wa Kenya hutajwa sana kama mama aliyepanda miti. Ni kweli, lakini alikuwa mwanasiasa pia. Somo letu ni hili: miti ilimfikishaje kwenye siasa?

1. Alianza kwa kusikiliza

Wangari alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hatua hiyo. Hata hivyo hakuwaendea akina mama wa vijijini na majibu tayari. Aliwasikiliza: kuni ziko mbali, maji yamepungua, mvua inachukua udongo. Akaona shida zote zina mzizi mmoja, yaani ardhi kuvuliwa miti.

Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Akina mama walijifunza kuotesha mbegu, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Angalieni neno hilo: uliopona, si uliopandwa tu. Kufikia mwaka 2004 miti ilikuwa imezidi milioni 30.

2. Mche ukamdai aseme

Anayepanda hawezi kunyamaza mwingine anapokata. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Wangari aliandika barua nyingi kuupinga. Alitukanwa, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi yake, lakini jumba halikujengwa.

Mwaka 1992 aliungana na akina mama waliofunga kula humo bustanini, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za siasa waachiwe. Polisi waliwapiga, naye akazimia. Akina mama wakapata hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, kanisa letu la Anglikana, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kama mjane wa Luka, hawakuchoka. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliachiwa.

Januari 1999 alipigwa tena, akitetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Msitu huo ungaliko.

3. Kiti kilikuja baadaye

Mwaka 1997 aligombea urais na ubunge, akashindwa. Mwaka 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge. Mwaka 2003 akawa Naibu Waziri wa Mazingira, na akaanzisha chama cha Mazingira Green Party. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mwaka 2007 alipoteza ubunge. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, akiwa ameagiza asiwekwe katika jeneza la mbao.

Basi, kiti alikalia miaka mitano tu. Kazi ya miche ilikuwapo kabla ya kiti, na kiti kilipoondoka ikaendelea.

4. Na sisi wa Nyakatuntu?

Migomba na kahawa yetu hutaka udongo wenye unyevu. Tena sheria imetupa sauti: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi mtu mzima, mama sawa na baba. Anayebaki nyumbani siku hiyo ameacha wengine wamwamulie.

Maswali ya kujadiliana

1. Miche tuliyopanda mwaka jana, mingapi imepona? Nani anaitunza?
2. Chemchemi gani karibu nasi imepungua maji, na kandokando yake pamepandwa nini?
3. Katika mkutano wa kijiji uliopita, akina mama wangapi walihudhuria, na wangapi walisema?