Kumpima Mhudumu ni Kumlinda Mgonjwa



Malalamiko juu ya hospitali za Serikali tunayasikia kila siku: wauguzi wakali, mgonjwa anakaa kwenye benchi mpaka jua linazama. Wengi husema dawa ni kuwafukuza. Sisi wauguzi hatukatai kwamba uzembe upo. Lakini ukali peke yake haujaponya mgonjwa hata mmoja. Mwezi huu tuangalie jinsi kazi ya mhudumu inavyopimwa.

Kutoka siri hadi uwazi

Zamani hapa Tanzania mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri juu ya mtumishi. Mwenyewe hakuiona, hivyo hakujua arekebishe nini. Mwaka 2004 Serikali ilileta mfumo wa wazi, OPRAS. Mtumishi na mkuu wake walitakiwa kukubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka, kuyapitia katikati, na kutoa alama mwishoni. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwa kompyuta, katika mfumo uitwao PEPMIS. Hata hivyo, fomu au kompyuta haisaidii kitu kama inajazwa harakaharaka ili mtu apandishwe cheo tu.

Mfano wa wodi ya wazazi

Lengo la "kuhudumia wazazi vizuri" halipimiki. Lakini hili linapimika: uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo ya mtoto yasikilizwe kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu. Yasiposikilizwa, mtoto aliyechoka hatambuliwi mapema. Anaweza kufa au kuumia ubongo, na mama mwenye uchungu uliokwama anaweza kupata fistula.

Tuseme kila mwezi msimamizi wa wodi anapitia majalada 10 pamoja na wauguzi wake, na manne yana saa nyingi zisizoandikwa kitu. Asikimbilie kugomba. Aulize kwanza:

(a) Je, muuguzi hajui? Afundishwe palepale wodini.
(b) Je, usiku alikuwa peke yake na wazazi wengi? Zamu ipangwe upya, na watumishi waombwe.
(c) Je, kifaa cha kusikilizia kimeharibika? Kinunuliwe kingine.
(d) Je, anajua, ana nafasi na kifaa, lakini alikuwa kwenye simu? Huyo aonywe, na akirudia achukuliwe hatua za nidhamu.

Si kila homa ni malaria. Vivyo hivyo, si kila kosa la wodini ni uvivu. Anayetibu bila kupima hukosa ugonjwa.

Vituo navyo hupimwa. Mwaka 2015/16 Serikali ilipopima zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya kwa nyota, kiasi cha theluthi moja havikupata nyota hata moja. Viliwekewa mipango ya kurekebisha kasoro. Vilipopimwa tena mwaka 2017/18, vilivyokosa nyota vilikuwa kiasi cha 4 tu katika kila 100.

Familia zifanye nini?

1. Ukiwa na lalamiko, taja tarehe, saa, wodi na kilichotokea. "Tangu saa 3 usiku hadi saa 7 hakuna aliyempima mama" husaidia kuliko "wauguzi wabaya". Litie kwenye sanduku la maoni au mpelekee mganga mfawidhi.
2. Wajumbe wa kamati ya afya ya kituo chenu wawe watu wa kuuliza: je, maoni yetu yalisomwa? Kimebadilika nini?
3. Usitoe rushwa ili uhudumiwe kwanza. Anayebaki kwenye benchi pengine ndiye aliye mahututi.
4. Ukihudumiwa vizuri, sema pia. Muuguzi mwema naye apimwe kwa haki.

Tukumbuke: karatasi tupu ya mama mmoja leo, isipoulizwa, kesho itakuwa ya binti yako.