Mwenye kipara na ng'ombe mwenye mimba



Ndugu zangu katika imani, darasa hili nililitayarisha wakati wa likizo kwa ajili ya mabinti wa sekondari kule Nakivale. Nilipoombwa niliandike hapa nilikubali, lakini itabidi nianze na kosa langu, maana bila hilo darasa lenyewe halieleweki.

Muhula uliopita ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp stika ya binti mmoja. Picha ilipigwa harusini, upande wa wanawake, ushungi wake ukiwa umeshuka mabegani. Juu ya sikio palikuwa na duara la ngozi tupu, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, na mtu alikuwa ameandika chini yake: "Uwanja wa ndege." Nilicheka. Nikaweka vijiuso vitatu vya kucheka, nikaituma na kwenye kundi jingine. Sikukumbuka hata kwamba kuitazama tu picha ile ilikuwa ni kumvunjia mtu sitara yake.

Na mimi mwenyewe, nilipokuwa na miaka 15, nywele zilinitoka hivyo hivyo. Tulikuwa tunakaa Base Camp. Mabaka matatu, kisha matano. Nje nilikuwa na hijabu, hakuna aliyejua; lakini ndani tulilala wasichana wanne chumba kimoja, nao waliniita Ramani. Nilijifunza kulala na ushungi. Jirani mmoja alinipaka kitunguu saumu mpaka ngozi ikababuka, mwingine akasema ni jini. Baada ya miezi tisa hivi nywele zilirudi, nami nikafuta kila picha ya mwaka ule. Nilipofika chuoni Mbarara, wenzangu wa bweni wakizisifu nywele zangu nilikuwa najibu kwamba ni za ukoo, mama na bibi wote ndivyo walivyo.

Lishikeni jibu hilo, nitalirudia.

Hadithi yenyewe imepokewa na Abu Hurayra (r.a.), nayo imo katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Mtume (s.a.w.) alisimulia juu ya watu watatu wa Bani Israil: mwenye mbalanga, mwenye kipara na kipofu. Allah alitaka kuwajaribu, akawatumia malaika. Malaika alimuuliza kila mmoja ni kitu gani anachokipenda zaidi. Yule wa pili akasema anataka nywele nzuri, na aondokewe na hili linalowafanya watu wamchukie. Malaika akampangusa, kikaondoka, akapewa nywele nzuri. Akaulizwa ni mali gani anayoipenda, akasema ng'ombe, akapewa ng'ombe mwenye mimba. Sisi tunaoishi huku Ankole hatuhitaji kuelezwa maana ya zawadi hiyo! Baada ya muda kila mmoja wa wale watatu alikuwa na bonde zima la mifugo.

Kisha malaika akarudi. Akamwendea kila mmoja kwa umbo lile lile alilokuwa nalo mwenyewe zamani: maskini, msafiri, njia zimemkatikia, anaomba mnyama mmoja tu wa kumfikisha. Mwenye mbalanga akasema ana haki nyingi za watu. Malaika akamwambia kama vile anamfahamu: si wewe uliyekuwa na mbalanga watu wakikukimbia, ukiwa fukara, Allah akakupa? Akajibu kuwa mali ile ameirithi kwa wazee wake, mkubwa kutoka kwa mkubwa. Mwenye kipara naye akajibu vivyo hivyo. Malaika akawaombea wote wawili warudishwe walikokuwa, ikiwa wanasema uongo. Kipofu peke yake ndiye aliyesema kwamba kweli alikuwa kipofu, Allah akamrudishia macho, basi mgeni achukue anachotaka na aache anachotaka. Akaambiwa abaki na mali yake. Ulikuwa mtihani, naye ameridhiwa.

Nimeisoma hadithi hii tangu madrasa, na siku zote niliifahamu kuwa ni hadithi ya ubakhili. Ni kweli, ni ya ubakhili. Lakini usiku ule nilipokuwa naandaa darasa nilifika kwenye neno la urithi, nikasikia sauti yangu mwenyewe bwenini: ni za ukoo.

Ibn Hajar, katika Fat-hul Bari, anaeleza kwamba malaika alikuja kwa umbo la zamani la mtu yule ili hoja iwe nzito zaidi juu yake. Yaani alionyeshwa sura yake mwenyewe, akasema haijui. Mimi sura yangu ililetwa kwenye simu, nami nikaiwekea vijiuso vya kucheka.

Tuangalie pia kile ambacho hakulaumiwa. Hakulaumiwa kwa kutaka nywele. Malaika hakumwambia kuwa nywele ni upuuzi wa dunia, alimpa. Wako ndugu, hasa wa kiume, wanaodhani dada anayelia kwa sababu ya nywele ana upungufu wa imani. Basi nao waisome hadithi hii upya, na waongeze ile ya Abu Dawud inayomtaka mwenye nywele azitunze vizuri.

Kwa hiyo kutafuta dawa ni sawa, na kwanza ijulikane ni ugonjwa gani. Yale mabaka ya duara, laini, yasiyo na magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Hayaambukizi. Yakiwa machache, kwa wengi nywele hurudi zenyewe ndani ya mwaka, ingawa yanaweza kutokea tena. Mapunye ni jambo jingine: ni fangasi, yana magamba, yanaambukiza kwa vitana na mashine za kunyolea, na yanahitaji vidonge kwa sababu dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi. Nywele zinazokatika pembezoni mwa paji ni za kusuka kwa kukaza. Hapo dawa ya kwanza ni kuacha kukaza.

Swali la wigi liliulizwa, kama nilivyotarajia. Asma bint Abi Bakr (r.a.) amepokea kwamba mwanamke alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya binti yake aliyeolewa karibuni, ambaye maradhi yalimpukutisha nywele, akataka kumuunganishia nyingine. Hakuruhusiwa. Nywele za binadamu, basi, tuziache. Kuhusu sufi, hariri na nyuzi wanazuoni wamekhitalifiana: Layth bin Sa'd aliona katazo ni la nywele, si la sufi wala kitambaa, na madhehebu ya Hanafi yana wepesi hapo, wakati sisi Mashafi tuna masharti zaidi. Mwenye haja amuulize shekhe wake. Na mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, lilihesabu kupandikiza nywele zilizoanguka, hasa kwa mwanamke, kuwa miongoni mwa matibabu yanayoruhusiwa. Upandikizaji huo kwa bei zake haututishi sisi wa kambini, lakini hukumu ni vizuri kuijua.

Siku ya darasa walikuja mabinti kama ishirini, Wakongo, Warundi na Wasomali wachache. Niliwasimulia hadithi kama ilivyopokewa, kisha nikawapa kazi ya kuihamishia Nakivale, nikiwaonya kwamba hiyo itakuwa hadithi yetu, asije mtu akainasibisha kwa Mtume (s.a.w.). Wakamfanya mwenye kipara kuwa msichana wa New Congo aliyepata nywele, akafungua saluni, akapata wafuasi wengi TikTok. Malaika akaja na ushungi umefungwa hadi kwenye nyusi, akaomba asuguliwe mafuta tu kichwani, bure. Wenye saluni wakampiga picha.

Hapo binti mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Dada, na kama nywele zake zisingerudi?"

Sikuwa nimeliandaa hilo. Katika hadithi hii wote watatu waliponywa. Nilichokumbuka ni Zahir, yule bedui ambaye Anas (r.a.) anasimulia kuwa hakuwa na sura nzuri. Mtume (s.a.w.) alimkumbatia kwa nyuma sokoni, akauliza kwa mzaha nani atamnunua mtumwa huyu. Zahir akasema atamkuta hana bei. Akaambiwa kuwa mbele ya Allah ana thamani kubwa. Sura yake haikubadilishwa. Alirudi jangwani na uso ule ule.

Aliyeuliza ndiye wa kwenye stika. Nilimjua tangu alipoingia. Darasa lilipokwisha nilimwita pembeni, nikamwambia kwamba nilicheka na nikasambaza. Kisha nikafungua ushungi, nikamwonyesha nyuma ya sikio langu, mahali ambapo baka moja limerudi tangu Ramadhani. Aliligusa kwa kidole.

"Linauma?"

"Haliumi."

"Na langu haliumi," akasema. Halafu akaniuliza nauli ya kwenda hospitali Mbarara ni shilingi ngapi siku hizi, na kama mama yake anaweza kuja naye.